Mchagua Jembe Ni Mkulima: Biharusi na Vyuma Vyake Igurwa



Msimu wa harusi ukikaribia, kila biharusi wa Unguja na Pemba anajua cha kufungasha: madera, doti za kanga, udi na chetezo, mabuli na vikombe. Anayeolewa Mkunazini hahitaji zaidi ya hapo. Lakini siku hizi mabinti zetu wanaolewa mbali, na wengine, kama mimi, tumefika Igurwa, wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera. Huku nyumba inakaa katikati ya migomba, na mke hutazamwa kibanja chake kabla ya biriani yake. Huku biharusi anahitaji vyuma: jembe, panga, mundu na kisu. Somo yangu alinifunza mengi mazuri, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, ila habari za vyuma hazikuwemo. Nimezijua kwa misimu kumi na minne ya mvua, na leo nataka kuwapa wenzangu.

Wazee walisema, mchagua jembe si mkulima. Methali hii inamkanya mvivu anayetafuta visingizio, na kwa mvivu ni ya kweli. Lakini ikimwangukia mwanamke mgeni inakuwa mzigo. Hathubutu kusema kwamba jembe alilopewa ni zito, asije akaambiwa binti wa pwani hawezi kazi. Anavumilia, mgongo unauma, viganja vinachubuka, na watu wanasema hajazoea tu.

Mimi jembe la kwanza nililopewa lilikuwa la shemeji yangu, mtu mrefu mwenye mabega mapana. Siku ya tatu mama mkwe aliniona nakamua ndimu kwa ncha za vidole, kiganja kimejaa malengelenge. Akanishika mkono, akautazama, akasema, "Mwanangu, hili ni jembe la mwanamume. Kesho twende Omurushaka tukakutafutie lako." Hakunicheka wala hakunihubiria. Sokoni akaniinulisha majembe mpaka mwenye duka akaanza kununa, na yote ninayowaandikia hapa chanzo chake ni asubuhi ile.

Uzito. Majembe ya dukani huuzwa kwa ratili, na ya kawaida ni ratili 2½ au 3, yaani kama kilo 1.1 na kilo 1.4. Ukiyashika dukani, tofauti ile ni ndogo. Sasa piga hesabu. Ukiinua jembe mara kumi kwa dakika, kwa saa tatu za asubuhi, umeliinua mara 1,800, na ile nusu ratili peke yake imekuwa zaidi ya kilo 400. Mgongo wako ndio uliozibeba. Hata hivyo, usikimbilie jembe jepesi kuliko yote. Kwenye ardhi iliyolala muda mrefu jembe jepesi linarukaruka, na unajikuta unapiga mara mbili mahali ambapo pigo moja lingetosha. Tafuta lile unaloweza kuliinua mara thelathini mfululizo bila pumzi kukukatika.

Mpini. Huu ndio wenye siri kubwa, na ndio watu wasioutazama. Mpini mfupi unakukunja mpaka kifua kinakaribia magoti. Mrefu kupita kiasi unalifanya jembe liyumbe mkononi. Simama wima, inama kidogo kama unayetaka kupalilia, kisha mwambie mtu akutazame ubavuni: makali yaguse chini kabla mgongo wako haujalala kama meza. Unene nao uwe wa mkono wako. Ukiufumbata, kidole gumba kifike kwenye kidole cha kati. Mti uwe mkavu na mgumu, usiwe na fundo, na sehemu nene ibaki upande wa juu wa tundu, ili kila pigo likaze jembe badala ya kulilegeza.

Mlalo wa makali. Jembe lililojikunja sana kuelekea kwako hukwangua juu juu, zuri kwa palizi. Lililo wazi zaidi huzama, zuri kwa kufungua shamba la maharage au mahindi. Hapa ujue jambo moja la Igurwa: mizizi mingi ya mgomba hukaa karibu na uso wa ardhi. Ukilima kibanja kwa jembe zito linalozama, unaikata, na mgomba unadhoofika huku wewe unajiona umefanya kazi ya maana. Ndani ya kibanja tumia jembe la palizi na matandazo. Wanawake wa huku hawalinunui hilo la palizi. Jembe kubwa likiliwa na miaka likawa dogo na jepesi, hupewa kazi hiyo. Ukipewa jembe la namna hiyo na mama mkwe, usidhani umepewa chakavu.

Sauti. Kabla ya kutia mpini, lining'inize jembe kwenye kidole na uligonge kwa jiwe dogo. Zima hulia kwa mlio mrefu. Lenye ufa hutoa sauti iliyokufa.

Mambo haya si ya mkulima pekee. Kule Mangapwani kuna uwanja wa gofu wenye mashimo tisa, na wachezaji wake hubeba seti ya fimbo zenye vichwa vya chuma, kila moja na namba yake na masafa yake. Anayetaka kununua vizuri hupimwa kwanza urefu wake, na umbali kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni, ndipo achaguliwe fimbo. Za wanawake kwa kawaida hufupishwa na kupunguzwa uzito, na wala hakuna anayesema mchagua fimbo si mchezaji. Ikiwa anayecheza anapimwa, anayelisha nyumba apewe chochote kilichopo?

Panga, mundu na kisu vina kanuni ileile ya mkono, pamoja na nyingine kubwa zaidi. Mwaka 2006 mkoa huu wa Kagera uligundulika kuwa na mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na ndani zinaoza. Chuma kilichokata mgomba mgonjwa huupeleka ugonjwa kwenye mgomba mzima. Kwa hiyo panga na mundu wa kibanjani viwe vyako, na kila ukitoka kwa mgomba unaoushuku, pitisha makali kwenye moto mpaka yapate joto kali, au yaoshe kwa dawa ya madoa kama JIK. Ua la kiume la mkungu livunje kwa kijiti chenye panda, usilikate kwa kisu. Jirani akija kuazima panga, mwazime, ila liunguze kabla halijatoka na liunguze tena likirudi. Ukarimu haupotei kwa hilo, na migomba ya nyumba mbili inasalimika.

Huku chuma kina heshima ya zamani. Henry Stanley alipofika kwa mfalme Rumanyika wa Karagwe mwaka 1876, alionyeshwa hazina yenye mikuki, miundu na sanamu za ng'ombe, kazi za wahunzi. Na wafanyabiashara Waarabu, waliokuja kwa njia za misafara ya pwani, walikuwa na makazi yao Kafuro, karibu na mji wa mfalme. Kwa hiyo biharusi wa kisiwani usijione wewe ndiye Muislamu wa kwanza kuikanyaga ardhi hii nyekundu.

Katika Suratul Hadid tunafundishwa kuwa chuma kina nguvu kali na manufaa kwa watu. Manufaa hayo hayapatikani kwa kuuvunja mwili, kwa sababu Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwili wetu una haki juu yetu. Mkumbuke pia Bi Asmaa binti Abubakar (r.a.), aliyekuwa akibeba kokwa za tende kichwani kutoka shamba la mumewe Zubeir, mwendo wa theluthi mbili za farsakhi. Kazi ya shamba haikumshushia hadhi. Lakini baba yake alipompelekea mtumishi wa kumtunza farasi, alisema ni kama ameachwa huru. Mzigo wake ulipungua kwa sababu wa kwao walimwangalia.

Ndiyo maana nasema haya yaanze kabla ya nikaha. Wanazuoni wengi wa madhehebu ya Shafi, tuliyokulia nayo visiwani, wanaona kazi za nyumbani si wajibu wa mke kisheria, anazifanya kwa wema na makubaliano. Basi makubaliano yawepo. Muulizeni sheikh wenu, na mchumba aulizwe kwa adabu: kibanja kina ukubwa gani, nani analima, nani anabeba mikungu, na mke akiwa mjamzito au katika nifasi jembe linashikwa na nani? Mwanamume mwenye nia njema haoni tabu kulijibu. Wangu alijibu, na majibu yake yamenisitiri katika mimba tatu.

Wazazi na mashangazi, mkitaka kumzawadia binti anayekwenda mashambani, seti ya sita ya glasi inaweza kungoja. Mpeni fedha ya jembe la mkono wake, tupa ya kunolea na kisu kizuri cha kumenyea ndizi mbichi, akavinunue hukohuko akiwa na mama mkwe. Watakaporudi sokoni wamebeba vyuma pamoja, watakuwa wamekwisha anza kuzoeana.

Allah awajaalie ndoa zenye utulivu, na kazi isiyozidi nguvu zenu. Amin.