Nyuzi Nane, Mluzi Mmoja

Riziki yangu imetoka kwenye mitambo ya sauti tangu enzi za kaseti, wakati Mbwana Radio Service walikuwa wakiuza taarabu ya Mombasa kwa kanda na kila harusi ya mjini ilitaka spika. Nilianza kama fundi redio: kuchoma risasi, kubadili kapasita, kufungua tena redio ambayo mwenyewe ameshaifungua akapoteza skrubu. Harusini niliingia kwa kubeba spika, nikabaki kwa sababu mikono yangu ilijua waya. Ala za umeme hazikuwa na taabu. Kinanda, gitaa la besi, hata taishokoto, lile la vibonye ambalo Zuhura Swaleh na Maulidi Musical Party walilizoesha masikio ya watu, vyote vilikuja na jeki yake. Unachomeka, unafungua sauti, unakwenda kutafuta chai. Kilichonisomesha ni mandolini.

Mwenye mandolini tulimwita Ami, wadogo kwa wakubwa. Alipenda zile nyimbo za mahadhi ya filamu za Kihindi zilizotiwa maneno ya Kiswahili, mtindo ambao Juma Bhalo aliupa heshima Mombasa nzima. Ala yake ilikuwa ya Kiitaliano, ya kizamani, mgongo wa mviringo kama boga lililopasuliwa. Nyuzi nane za chuma, mbilimbili, zimefungwa sawa na fidla: sol, re, la, mi. Barazani kwake ilijaza nyumba. Uwanjani, baina ya dumbaki, bongo, kinanda na akina mama wanaokuja mbele kutuza, hata yeye mwenyewe aliyeipakata alikuwa haisikii.

Maiki tuliijaribu, bila shaka. Na niseme wazi, mpigaji akiketi karibu na maiki nzuri asitikisike, hakuna njia nyingine inayoitoa mandolini vizuri hivyo. Bill Monroe na wenzake wa bluegrass kule Marekani walizunguka maiki moja; anayetaka kusikika anasogea, akimaliza anarudi nyuma. Lakini bendi zile hazikuwa na ngoma jukwaani. Kwetu maiki ya mandolini ilinasa dumbaki kwanza, kinanda pili, mandolini mwisho. Ukiipandisha, spika inautikisa ubao mwembamba wa mbele, ubao unairudishia maiki sauti ile ile, maiki inaipeleka tena kwenye spika, na duara hilo likishafunga unasikia mluzi unaowafanya wageni wazibe masikio. Kisha wote wanamgeukia fundi.

Ndipo nikaingia kwenye visahani. Ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, walionyesha mwaka 1880 kwamba kuna fuwele ambazo ukizikandamiza hutoa umeme. Sisi mafundi redio tulivijua visahani vyenye tabia hiyo ndani ya kengele na vingʼora: shaba nyembamba, juu yake duara jeupe la kauri. Ukikipa umeme kinalia. Ukikitikisa kinatoa umeme. Ukikibandika kwenye ubao wa mandolini, umepata pikapu kwa bei ya kikombe cha kahawa.

Tatizo ni kwamba ukikichomeka moja kwa moja kwenye mikseri, kinatoa sauti ya bati tupu. Wenzangu wengi waliishia hapo, wakasema visahani havifai. Mimi niliyetoka kwenye redio niliona hesabu. Kisahani kama hicho, chenye upana wa milimita 27, ni kapasita ya takriban nanofaradi 20. Mlango wa laini wa mikseri una ukinzani wa kama kiloomu 10. Kapasita na rezista zikikaa hivyo zinakuwa chujio, na chujio hilo linaanza kukata kila kitu kilicho chini ya hezi 800 hivi. Sasa tazama nyuzi za mandolini zikipigwa wazi: mnene kabisa unatetema mara 196 kwa sekunde, mwembamba kabisa mara 659. Zote zimo chini ya mstari! Kilichobaki kupita ni mkwaruzo wa risha na zile sauti ndogo za juu zinazofuatana na noti. Mikseri ilikuwa inainyima mandolini mwili wake wote.

Dawa yake ni kuweka kitu katikati chenye ukinzani mkubwa. Transista moja ya FET, rezista ya megaomu moja kwenda athi, kapasita mbili, betri ya volti 9, vyote ndani ya kikopo cha chuma ili visinase mvumo wa umeme. Kwa megaomu moja chujio lile linashuka hadi hezi 8 hivi, chini sana ya chochote ambacho sikio litadai. Leo vinauzwa tayari, vizuri kuliko nilivyounda mimi, na kisanduku kizuri cha DI, kile kinachokaa kati ya ala na mikseri, chenye mlango wa ukinzani mkubwa kitafanya kazi hiyo hiyo kwa volti 48 zinazotoka kwenye mikseri. Ila ni lazima kiwepo kimojawapo.

Kazi iliyochukua jioni nzima ilikuwa kutafuta mahali. Sikutia gundi, nilitumia nta ya nyuki, inashika na inabanduka bila kuudhuru ubao. Nilianza karibu na mguu wa daraja upande wa nyuzi nyembamba.

“Piga, Ami.”

Akapiga. “Mwanangu, hiyo ni risha. Mimi niko wapi?”

Nikakisogeza upana wa kidole kuelekea upande wa nyuzi nene. Risha ikapungua, noti moja ikawa inavimba kuliko wenzake. Nikakisogeza nyuma kidogo ya daraja. Ami alipiga polepole, akapiga mtetemo wa haraka kwenye uzi wa la, akanyamaza akiisikiliza spika badala ya mandolini. “Hapo. Usiguse tena.” Nikaweka alama kwa penseli. Nafasi ile ilikuwa ya mandolini ile tu. Nyingine nilizokuja kuzifunga zilikuwa na mahali pake.

Baadaye zilinifikia pikapu za kiwandani zilizofichwa ndani ya daraja lenyewe. Ni nzuri, lakini daraja la mandolini halikugundishwa. Linakaa kwa kukandamizwa na nyuzi. Daraja jipya lisipolala sawasawa juu ya ubao, sauti itapungua na pikapu italaumiwa bure. Unaweka msasa juu ya ubao, uso wa kukwaruza ukitazama juu, unasugua miguu ya daraja taratibu mpaka ipate umbo la ubao. Nyuzi unazibadilisha mmoja mmoja, daraja lisihame.

Kwa kuwa nyuzi zake ni chuma, mandolini inakubali pia pikapu ya sumaku, jambo ambalo udi wa nyuzi za nailoni hauwezi. U. Srinivas wa India ya kusini aliipiga mandolini ya umeme katika muziki wa Karnataki mpaka alipofariki mwaka 2014, na sauti yake ilidumu na kuteleza kwa namna ambayo ala kavu haiwezi. Ami alimpenda kupita kiasi, lakini hakutaka sumaku. Alisema ile ni ala nyingine. Nakubaliana naye.

Jukwaani nilijifunza mengine madogo. Hakuna noti ya mandolini chini ya hezi 196, kwa hiyo kata kila kitu chini ya 150: utaondoa kishindo cha ngoma, mvumo wa jenereta na sauti ya viatu. Mluzi ukianza, bonyeza swichi ya kugeuza fezi kwenye kisanduku. Mara nyingi noti ile inatulia, ingawa unaweza kuhamia nyingine. Pwani yetu nayo ina unyevu na chumvi: jeki inaota kutu, nta inalegea, ubao unavimba.

Mwisho nilikuja kutumia vyote viwili, pikapu kwa ajili ya nguvu na maiki kidogo kwa ajili ya hewa, maana pikapu inakupa uzi na mti lakini haikupi chumba. Hata hivyo, mitambo haikuwahi kushinda jukwaa lenye kelele. Kuna ukumbi mmoja ambako mwenye sherehe alinitaka niongeze, niongeze, huku kinanda kimefunguliwa hadi mwisho. Pale hakuna pikapu duniani iliyoweza kumwokoa Ami. Kinanda kiliposhushwa kidogo, watu wakasikia mandolini bila mimi kugusa chochote.

Kwa hiyo kijana unayepiga mandolini, fika kabla ya wageni, njoo na betri mpya mfukoni, na kabla hujamwambia fundi akuongeze, mwombe mwenye kinanda apunguze.