Bora Kuliko Nini?

Kwa zaidi ya miaka thelathini niliwafundisha vijana wa sekondari kwamba kivumishi cha Kiswahili hakibadilishi umbo kinapolinganisha. Mwingereza huongeza silabi mwishoni mwa neno, akaridhika. Sisi hatuna silabi hiyo. Husema "kubwa kuliko", "kubwa zaidi ya", "chashinda kwa ukubwa", na msikilizaji hungoja kutajiwa upande wa pili. Anayesema "hiki ni bora" kisha akanyamaza, anastahili kuulizwa: bora kuliko nini, na kwa kazi gani? Kosa hilo nililisahihisha kwa wino mwekundu katika madaftari yasiyo na idadi. Mwenyewe nililifanya miaka yote, nisilione mpaka siku nilipokwama mchangani kati ya Makongolosi na Rungwa, pikipiki yangu imezima.

Mambo yalianzia harusini, jijini Mbeya, mwaka 2022. Niliketi meza moja na wanafunzi wangu wawili wa zamani waliosoma darasa moja. Majina yao nayahifadhi. Nitawaita Wa Kwanza na Wa Mwisho, kwa kuwa ndivyo nilivyowasoma mbele ya wenzao kila mwisho wa muhula, katika darasa la wanafunzi 43. Wa Kwanza ni mhandisi wa migodi, ana BMW R 1200 GS aliyoinunua mkononi mwa mtu. Wa Mwisho ni dereva wa bodaboda, na chombo chake ni Bajaj Boxer ya CC 150. Mimi nina Yamaha DT 125 niliyoipata mwaka 1996, nayo wakati huo ilikuwa imeshatumika. Ubishi ukazuka: kwa safari ndefu nje ya lami, pikipiki ipi ni bora? Tukaafikiana kuupeleka ubishi huo barabarani, kutoka Mbeya kupitia Chunya, Makongolosi na Rungwa hadi Itigi, kwenye reli ya kati. Mimi niliteuliwa mwamuzi. Nikanunua daftari jipya, nikachora safu tatu za alama.

Lugha yetu imevipa vyombo hivi majina kwa kuvisikiliza. Pikipiki ni mlio wake. Wazee wengine waliita tukutuku, nao pia ni mlio. Bodaboda lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, enzi za baiskeli zilizovusha abiria toka boda moja hadi nyingine. Lakini pikipiki kama ile ya mhandisi, iliyoundwa kwa ajili ya kukata nchi na nchi, bado haina jina lililokubalika. Wa Mwisho aliiita "dubwana", na sisi tukamfuata.

Tuliondoka mwezi wa Septemba, kiangazi kikiwa kimekomaa. Toka Mbeya hadi Makongolosi, mwendo wa kilomita 110 hivi, ni lami. Huko dubwana lilitamba. Milima ya Mbeya lilipanda bila kupumua, na mzigo wa masanduku mawili haukulishughulisha. Halina mnyororo wa kulegea wala kupakwa grisi, kwani nguvu hupita katika shafti hadi gurudumu la nyuma. Mimi na Boxer tuliwasili nusu saa baadaye, mikono imekufa ganzi. Jioni ile niliandika: BMW 9, Yamaha 6, Boxer 5. Niliwasomea. Wa Kwanza akatabasamu; Wa Mwisho akaendelea kukaza mnyororo wake.

Kesho yake lami ilikwisha. Mbele yetu palikuwa na zaidi ya kilomita 350 za vumbi, mawimbi ya barabara yaliyokunjana kama bati, na mchanga mlaini unaonyamaza mpaka gurudumu la mbele liuingie. Hapo hukumu ilipinduka. Dubwana lenye tangi lililojaa lina uzito wa kilo 240 hivi, bila masanduku. Liliponesa mara ya kwanza, mwenyewe aliliokoa. Mara ya pili liliangukia ubavu, na tukaliinua watu watatu kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Kufikia saa saba mchana tulikuwa tumehesabu hivyo mara nne.

DT yangu, yenye kilo mia na ushei na gurudumu la mbele refu la inchi 21, iliyapita mchanga yale kama mbuzi juu ya mawe. Boxer ina magurudumu madogo ya inchi 17, nayo ilihangaika, ila ni fupi: dereva wake aliteremsha miguu yote miwili, akatembea nayo kama mtu anayevuka mto. Mbung'o walipotushambulia, yeye ndiye aliyekuwa na kopo lenye matundu. Alilijaza kinyesi kikavu cha tembo alichookota njiani, akakiwasha, akalifunga nyuma, na sisi tukajikinga katika moshi wake. Moyoni nilikuwa nimeshaandika: Yamaha 10.

Kilomita chache baadaye, taa nyekundu ya mafuta ya injini ikawaka.

Wasiozijua DT waelewe kwamba injini yake ni ya mipigo miwili. Huchoma oili pamoja na petroli, na isipopata oili hujikaza na kufa. Jua kali na mwendo wa gia ya kwanza vilikuwa vimeinywa oili yangu kuliko nilivyokadiria, na chupa ya akiba nilikuwa nimeisahau uvunguni mwa kitanda, katika nyumba ya wageni kule Makongolosi. Nikazima injini. Magari hayakuonekana. Wa Kwanza alikuwa na simu ya setilaiti na ramani nzuri. Oili ya mipigo miwili hakuwa nayo, kwa kuwa dubwana haliihitaji. Boxer nayo haiihitaji, maana ni ya mipigo minne. Hata hivyo Wa Mwisho alifungua begi lake, akatoa chupa ya lita moja, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Umejuaje?" nikamwuliza.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyekuwa nakununulia."

Sikujibu, na hakusema zaidi. Usiku, Rungwa, mhandisi alipokwenda kulala, yule kijana (ninasema kijana, ana watoto watatu) aliniamkia upya kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana, kisha akanikumbusha. Oili ilipoisha, nilimtoa darasani akatembea hadi mjini kuninunulia. Siku moja mwenzake alijitolea kwenda, nikamkataza, nikamwelekea yeye: "Nenda wewe, huna cha kupoteza." Darasa zima lilicheka.

"Kazi ya pikipiki niliijulia dukani kule, nikisubiri chenji," alisema. "Kwa hilo nashukuru. Namba ya mwisho ilikuwa haki yangu, sikuibisha. Lakini neno lile, mwalimu, sikulipenda."

Nilikuwa nimelisahau kabisa. Yeye alikuwa amelibeba miaka ishirini. Nilimwambia, "Nisamehe, mwanangu." Akaitikia kwa kichwa, akaenda kufunika pikipiki zote tatu, umande usiziharibu plagi.

Tulipofika Itigi, nguo zote rangi moja ya udongo, walitaka matokeo. Nililifungua daftari, na safu zile sikuweza kuzisoma. Nikatamka sentensi kamili, kama nilivyowafundisha. Dubwana ni bora kuliko nyingine kwa kubeba mzigo na kumaliza lami ndefu, ikiwa wapo watu watatu wa kuliinua. Yamaha ni bora kuliko Boxer katika mchanga, ikiwa oili ipo. Boxer ni bora kuliko zote kwa mtu atakayeharibikiwa mbali na mji, kwa sababu spea zake zinauzwa karibu kila kijiji na kila fundi anaifahamu. Mhandisi alilalamika kwamba hilo si jibu. Huenda kweli si jibu; ila ni Kiswahili sanifu. Kisha nikatunga ubeti huu, nao sikuusoma kwa sauti:

Chombo usikisifie, njia hujaitazama,
Mwana usimpimie, kwa mizani ya lawama,
Neno bora litulie, safari ifike tama,
Mwalimu nimerejea, darasani kujisoma.

Asubuhi ya kuagana, Wa Mwisho aliikagua DT yangu, akatikisa chupa iliyobaki oili ya robo, akaifunga vizuri nyuma ya kiti changu.

"Mwalimu," alisema huku akivaa helmeti, "safari ijayo, oili ununue mwenyewe."