Ufunguo Hauzidi

"Fundi, nafikiri niliitia ufunguo ukapita kiasi."

Karibu kila mwenye saa iliyogoma alianza hivyo, akiiweka mezani kwa masikitiko kana kwamba ameumiza mtoto. Baba mdogo, aliyekuwa fundi saa katika soko la Butali, Kakamega, nilipokuwa mdogo, alikuwa na jibu moja: "Ufunguo hauzidi, mwalimu. Springi ikijaa, kichwa kinakataa. Mwisho wake ni hapo." Saa iliyojaa ufunguo na bado haitembei inaumwa kwingine: mafuta yamekauka yakawa gundi, vumbi limeingia kwenye meno, au ekseli ya gurudumu la mizani imekatika saa ilipoanguka sakafuni. Watu waliishi miaka wakijilaumu kwa kosa ambalo hawakulifanya, na saa nzuri zikalala kabatini kwa hukumu isiyo ya haki.

Wakati huo, mwishoni mwa miaka ya 1970, saa nyingi zilizofika mezani pake zilikuwa za kutia ufunguo kwa mkono kila asubuhi: Roamer, Oris, Favre-Leuba. Wenyewe walikuwa walimu, makarani, walinzi, na wafanyakazi wa zamu wa kiwanda cha karatasi cha Panpaper kule Webuye. Mwaka 1981 kiwanda cha sukari cha West Kenya kilipoanza kusaga miwa hapa hapa Kabras, zamu zikaongezeka na wateja wakaongezeka nazo. Anayeingia kazini saa sita za usiku hawezi kutegemea jua. Watu walitega saa zao kwa mlio wa Sauti ya Kenya kabla ya taarifa ya habari, na baba mdogo aliutumia mlio huohuo kupima kazi yake. Saa iliyotengenezwa haikutoka mezani mpaka ilingane na redio siku kadhaa mfululizo.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kuiacha bisibisi ilale. Unaisogeza saa karibu na sikio, unashika kichwa, kile kitufe cha pembeni cha kutia ufunguo, kwa kidole gumba na cha shahada, unazungusha polepole. Kichwa kikizunguka bila kukaza hata kidogo, springi imekatika ndani ya kikebe chake, au imechomoka kwenye ndoano ya katikati. Kikikaza, kisha ukikiachia kikarudi nyuma kwa nguvu, basi ulimi unaozuia gurudumu la springi umechakaa, au kile kispringi kinachousukuma kimevunjika. Kikiruka huku ukisikia meno yakisagana, tazama vigurudumu viwili vidogo vilivyovishwa kwenye shina la kichwa. Meno yake yameliwa na havishikani tena. Na kikiwa kizito, chenye mchangamchanga, hiyo ni kutu.

Kutu ndiyo iliyotusumbua zaidi. Kakamega ni nchi ya mvua, na mkono unaokata miwa unatoka jasho kutwa. Maji na chumvi huingia kupitia tundu la shina, na shina ndilo linaloanza kuliwa. Mwenye saa huona tu kwamba ufunguo umekuwa mgumu, anaongeza nguvu, na siku moja kichwa kinabaki mkononi mwake. Nusu ya shina imebaki ndani.

Kabla ya kugusa chochote ndani, springi lazima iachiliwe. Unashika kichwa, unausogeza ulimi pembeni kwa ncha ya kibano, na kukiacha kichwa kirudi taratibu kati ya vidole mpaka nguvu yote iishe. Anayeruka hatua hii akafungua kifuniko cha springi, nguvu hutoka kwa mkupuo mmoja na meno hukatika. Halafu kuna skrubu moja ambayo baba mdogo aliniwekea kidole juu yake: ile inayoshika gurudumu linalopokea nguvu kutoka kwenye shina. Mara nyingi imekatwa kinyume, inafunguka kwa kuzungusha kulia. Baadhi ya watengenezaji huichonga mifereji mitatu juu ili kumwonya fundi. Wengine hawaweki alama yoyote. Nimeletewa saa nyingi ambazo skrubu hiyo imekatwa kichwa na mtu aliyeilazimisha, na kuzipatia nyingine ilibidi kutafuta kwenye kopo la saa zilizokufa, kopo ambalo kwa fundi wa soko ndilo duka la vipuri.

Seiko 5 ilikuja na maswali mapya. Ilianza kuuzwa Japani mwaka 1963, na huku kwetu ikawa saa ya heshima, ya kununuliwa kwa mshahara wa kwanza au kwa malipo ya miwa. Nyingi za wakati ule hazitiwi ufunguo kabisa: kichwa ni cha kutega saa, siku na tarehe. Ndani mna uzito wa nusu duara unaozunguka mkono unapocheza, na wenzo mdogo wenye makucha mawili, uliobuniwa na Seiko mwaka 1959, unaojaza springi uzito ukienda upande wowote. Basi wateja waliozoea Roamer wakaja kulalamika kwamba kichwa kinazunguka tu, hakikazi. Kwa saa ya zamani hiyo ni springi iliyokatika. Kwa hii, ni saa nzima isiyo na tatizo. Hata saa za otomatiki kama hizi zinazokubali ufunguo hazikazi mwisho, kwa sababu ncha ya springi haikufungwa kwenye ukuta wa kikebe; ikijaa huteleza, ili mkono usiovuliwa saa usije ukaikata.

Kuteleza huko kunataka grisi yake maalumu. Wako mafundi waliotia mafuta ya cherehani humo ndani, springi ikateleza mapema kabla haijajaa, na saa ya kutembea saa 40 ikaanza kuzimika usiku. Naliona hilo mpaka leo na linaniudhi, kwa sababu mteja huambiwa saa yake imezeeka.

Lakini si kila saa inayosimama usiku ina hitilafu. Namkumbuka mwalimu mmoja aliyestaafu, Seiko yake ikisimama kila alfajiri. Baba mdogo aliifungua, akatazama wenzo, akatazama uzito, hakuona kasoro. Akamuuliza, "Mwalimu, siku hizi unashindaje?" Akasema anashinda kitini chini ya mti, anasoma gazeti. Miaka yote mkono wake uliandika ubaoni, na kuandika huko ndiko kulikoijaza saa. Akashauriwa aitikise taratibu kila jioni kabla ya kulala. Haikusimama tena.

Saa za mkononi za betri za aina ya quartz zilikuwepo duniani tangu Seiko Astron ya Desemba 1969, ila Butali zilitufikia kwa wingi zilipokuwa rahisi. Uswisi, wafanyakazi wa viwanda vya saa walipungua kutoka kama 90,000 mwaka 1970 hadi kama theluthi moja miaka ya katikati ya 1980, na sisi tuliona tukio hilo kwa upande wetu: vipuri vya Roamer vikatoweka hata Kisumu. Kisha zikaja Casio za plastiki, kisha simu. Nilirithi meza wakati kazi yake kubwa ilikuwa kubadilisha betri, na baada ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, kila mtu akitaka simu, nikajifunza kulehemu ili kuzitengeneza. Mwaka 2011 kiwanda cha Butali Sugar kilipoanza kusaga miwa, zamu ziliongezeka kama zilivyoongezeka 1981. Wateja wa saa hawakuja. Kila mfanyakazi alikuwa na saa yake ndani ya simu.

Siku hizi naona mabadiliko mengine. Vijana wanaleta otomatiki za bei nafuu kutoka China, na wengine wanaleta Seiko ya marehemu baba iliyokuwa imefungwa kwenye leso. Seiko 5 mpya, zilizotoka mwaka 2019, zinatiwa ufunguo kwa kichwa, kwa hiyo kanuni niliyowafundisha wateja kwa miaka mingi, kwamba Seiko 5 haitiwi ufunguo, sasa inabidi niieleze upya: uliza kwanza ni ya mwaka gani.

Kwa hiyo wewe mwenye saa kabatini, usiilazimishe na usiifungue kwa kisu. Zungusha kichwa polepole, usikilize kinakaza, kinarudi, kinaruka au kinazunguka bure, halafu umweleze fundi hivyo hivyo ulivyosikia. Akikwambia umeizidisha ufunguo, ichukue saa yako umtafute fundi mwingine.