Asili ya Neno Meli

Mhunze, katika Wilaya ya Kishapu, hakuna bahari. Kuna mashamba ya pamba na nyika kavu. Hata hivyo neno meli lajulikana huko na kila mtoto. Asili yake ni mail ya Kiingereza, ambayo Waingereza nao waliipata kwa Wafaransa kwa maana ya mkoba. Baadaye ikawa mkoba wa barua, hata barua zenyewe. Tangu mwaka 1872 merikebu za moshi za British India zilichukua barua baina ya Aden na Unguja, na huko pwani jina la mzigo likahamia kwenye chombo. Barua zikabaki na jina lao la Kiarabu. (Merikebu, neno zuri, sasa lazeekea vitabuni.)

Lakini kwa Wasukuma wa Mhunze meli haina harufu ya barua wala ya chumvi. Meli ni ya Ziwa Viktoria; na kwa waliofiwa, meli ni MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 pamoja na mamia ya abiria. Mbele yao neno hilo hutamkwa kwa sauti ya chini. Kamusi husema tu: chombo kikubwa cha kusafiria majini.