Mbwa wetu wa Walukuba

Jinja tulikaa Walukuba, karibu na ziwa. Mwezi wa pili jua kali, vumbi mpaka kwenye sufuria. Mbwa wetu Simba, bado mtoto, hatulii! Anaiba ndala, anafukuza boda boda, anachimba shimo chini ya mtungi apate ubaridi. Jioni tunashuka naye Masese, anaokota mukene walioanikwa.

Siku moja akamng'ata mdogo wangu, mchezo tu. Mama akaosha kidonda kwa sabuni na maji ya kutiririka dakika 15, halafu mbio kliniki, sindano ya kichaa cha mbwa. Majirani wakacheka. Mama akajibu: dalili zikishaanza, hakuna dawa.

Simba tukamfunga siku 10, tukimchunguza. Hakuugua. Siku ya 11 akaiba ndala ya mama.