Mpwa wangu na njia ya Kasindi

Wasikilizaji wetu, na ninyi ndugu mliokimbia vita mkaja kuishi nasi hapa Rughenda, mjini Butembo: kila kijana akivuka kwenda kusoma Uganda, watu husema anafuata Kiingereza. Mimi pia nilisema hivyo.

Mpwa wangu alikuwa mwaka wa pili Goma mji ulipotekwa na M23, mwezi wa kwanza 2025. Alitufikia na begi moja. Nikamwambia: hapa tuna vyuo, Graben ipo tangu 1989, kaa tugawane fufu na sombe. Akanijibu: «Mjomba, shida yangu si walimu. Vita havijafika hapa bado. Nataka mwaka nitakaouanza na kuumaliza.»

Niliuza mbuzi wawili. Akashika njia ya Beni na Kasindi, akavuka Mpondwe, akafika Kasese, akakubali kuanza upya mwaka wa kwanza. Wakonzo wa kule wanasema karibu kama sisi Wanande, basi sokoni hakupotea. Kiingereza ndicho kilimtesa: alinakili ubaoni asichokielewa.

Mimi sikulala vizuri. Ni kule Mpondwe, mwezi wa sita 2023, ADF waliua wanafunzi 37 katika shule ya Lhubiriha, wengi bwenini mwao. Alilijua hilo, akaenda.

Juzi alipiga simu. Muhula umekwisha, tena siku ileile iliyoandikwa kwenye kalenda. Alilirudia neno hilo mara mbili. Kisha akaomba ada ya muhula wa pili. Mbuzi amebaki mmoja.