Kabla ya kununua tena gemu ya zamani

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga. Watengenezaji wa gemu za video wanaujua ukweli huo vizuri. Siku hizi wanachukua gemu iliyowahi kupendwa, wanaisafisha picha, wanaifanya ikubali kwenye mashine mpya, kisha wanamuuzia mtu yuleyule aliyeicheza akiwa kijana. Mteja wanayemlenga si mtoto. Ni mzazi mwenye miaka thelathini na kitu, mwenye kipato kidogo na kumbukumbu nyingi.

Baba mmoja wa Magomeni Mikumi, fundi simu katika Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, alifikwa na jambo hilo Desemba 2024. Mfukoni alikuwa na Sh150,000 za kazi za ziada. Nyumbani alikuwa na PlayStation 4 ya mtumba, mke ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, binti wa miaka sita, na kijana wa miaka 13 aliyekuwa anasubiri kuanza kidato cha kwanza Januari. Dukani aliikuta gemu aliyoitamani kwa miaka mitatu, na muuzaji akamshushia bei hadi Sh120,000.

Gemu yenyewe ni Grand Theft Auto: San Andreas. Ilitoka Oktoba 2004 kwa ajili ya PlayStation 2, na inamhusu kijana anayeitwa Carl Johnson, maarufu kama CJ, anayerudi mtaani kwao mwaka 1992 baada ya mama yake kuuawa. Novemba 11, 2021 ilirudishwa sokoni ikiwa imefanyiwa marekebisho, pamoja na ndugu zake wawili, GTA III na Vice City, kwa bei ya karibu dola 60 za Marekani. Kwa kiwango cha wakati ule hiyo ilikuwa zaidi ya Sh135,000.

Hapo kuna jambo la kuchekesha. Swali la kama gemu inafaa kununuliwa tena linachukulia kwamba iliwahi kununuliwa. Vijana wengi wa Magomeni wa kizazi hicho hawakuinunua kamwe. Waliilipia kidogo kidogo kwenye mabanda ya gemu, kwa sarafu za Sh100 na Sh200, wamebanana kwenye benchi, mmoja ameshika pedi na wengine watano wakimwelekeza. Walionunua, walinunua CD za kuchoma na mashine ambazo fundi amezifungua ili zizisome. Kodi za kupata pesa na silaha ziliandikwa nyuma ya madaftari ya hisabati. Ukizijumlisha sarafu zile, huenda watu wameilipia gemu hiyo mara kumi, ila hakuna hata shilingi moja iliyomfikia mwenye mali.

Kwa hiyo yule baba alikuwa na hoja moja ya haki: safari hii angelipa kihalali. Hoja ya pili ilikuwa ubora. Toleo jipya lilipotoka mwaka 2021 lililalamikiwa dunia nzima. Sura za watu zilikuwa kama za wanasesere, mvua ilikuwa nzito kiasi cha kuziba njia, na baadhi ya nyimbo za redioni zilizopendwa hazikuwamo kwa sababu ya haki za muziki. Kampuni ya Rockstar iliomba radhi wiki iliyofuata. Ilikuwa pia imeyaondoa matoleo ya zamani kwenye maduka ya mtandaoni, ikalazimika kuahidi kuyarudisha kwa watumiaji wa kompyuta. Ndipo Novemba 2024 likaja boresho kubwa lililorekebisha makosa mengi na kurudisha mwanga unaofanana na ule wa zamani, jua la jioni lenye rangi ya machungwa. Waliokuwa wamesusa wakaanza kurudi. Yule baba alikuwa mmoja wao.

Usiku ule alimweleza mkewe. Mke hakupiga kelele. Aliuliza maswali matatu, kama mwalimu.

La kwanza lilikuwa la mtoto. Gemu hiyo imewekewa alama ya 18 na PEGI, mfumo wa Ulaya wa kupanga umri wa wachezaji. Ina mauaji, magenge, matusi na biashara ya ngono. "Baba watoto, huyu wa miaka 13 atakuwa wapi wakati wewe unacheza sebuleni?" Chumba na sebule havina mlango wa kumficha mtu.

La pili lilikuwa la muda. Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 1, 2022. Shirika hilo halisemi kwamba kila anayecheza ni mgonjwa. Linamtazama mtu aliyeshindwa kujizuia, aliyeiweka gemu mbele ya mambo mengine ya maisha, na anayeendelea hata baada ya kuona madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Mke alimjua mumewe: anatoka Kariakoo saa mbili usiku, anakula, analala. Hofu yake haikuwa uraibu. Hofu yake ilikuwa kwamba saa moja pekee anayoipata na watoto wake ingekwenda kwa CJ.

La tatu ndilo lililobadilisha mazungumzo. "Unataka nini hasa humo ndani? Maana hii hadithi unaijua mwanzo hadi mwisho."

Baba hakujibu usiku huo. Kesho yake alitoa kabatini kopo la maziwa lenye nyaya na chaja mbovu, akachomoa kitu cheusi kidogo kuliko kiberiti. Ilikuwa memori kadi ya PlayStation 2, ya megabaiti nane. Ilikuwa ya mdogo wake.

Mkewe alijua kwamba kulikuwa na mdogo mtu aliyefariki Machi 2011 akiwa na miaka 19, miezi mitano kabla ya kijana wao kuzaliwa. Alijua pia kwamba "alikuwa anaumwaumwa". Zaidi ya hapo, ukoo haukuzungumza. Sasa akaelezwa kwamba mdogo mtu alikuwa na selimundu. Siku za maumivu alijikunja kitandani akishika mapaja. Shule aliikosa wiki nzima. Mjomba mtu aliwanunulia PlayStation 2 ya mtumba ili mtoto acheze ndani, asitamani benchi la banda na vumbi lake.

Mgonjwa wa selimundu huambiwa aepuke baridi, anywe maji mengi na asijichoshe kupita kiasi, kwa kuwa hayo yanaweza kuchochea maumivu. Wenzake walipokwenda Coco Beach kuogelea, yeye alikatazwa. Ndani ya gemu hakuna wa kumkataza. San Andreas ndiyo ya kwanza kati ya zile tatu ambayo mchezaji anaweza kuogelea. Katika mbili za mwanzo ukianguka majini umekwisha. Mdogo mtu hakuhangaika sana na magenge. Kazi yake ilikuwa kumzamisha CJ baharini kutafuta chaza. Wamefichwa 50 katika ramani nzima, na kila CJ anavyozidi kupiga mbizi ndivyo pumzi yake inavyozidi kuwa ndefu. Kaka mtu anakumbuka alikuwa amefika chaza thelathini na kitu.

Basi ndicho alichokitaka. Na hapo gemu mpya ilikosa sifa yenyewe, bila mtu kuibishia. Toleo la 2021 haliwezi kusoma kumbukumbu iliyohifadhiwa kwenye kadi ya PlayStation 2. Hata picha zingeng'aa kama kioo, CJ atakayetokea ni mgeni, mwembamba, na chaza sifuri.

Shangazi yao, ambaye alikuwa mpangaji wa zamani wa Magomeni Kota, alilisema jambo hilohilo kwa njia yake alipokuja Jumapili. Nyumba za Kota zilibomolewa, wakazi wakatawanyika, na baada ya takriban miaka kumi ya kusubiri yakazinduliwa maghorofa mapya Machi 2022 kwa ajili ya kaya 644. Shangazi anayapenda: maji yapo, choo kiko ndani. "Lakini mwanangu," alisema, "nyumba wamenirudishia. Majirani zangu waliotangulia mbele ya haki tukiwa tunasubiri, nani atawarudisha?"

Mke wa fundi aliendelea kuifikiria ile kadi, ila kwa sababu nyingine. Wao wawili walikuwa wamezungumzia kupata mtoto wa tatu. Akamuuliza mumewe swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: "Wewe umeshapima?"

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi. Mtoto huupata pale anapopokea kinasaba chenye hitilafu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia. Akipokea kimoja tu anakuwa mbebaji. Kwa kawaida anaishi na afya njema na hajui. Wabebaji wawili wakizaa, kila ujauzito una uwezekano wa moja kati ya nne wa kupata mtoto mgonjwa. Kuwa na watoto wawili wazima hakupunguzi uwezekano huo kwa wa tatu. Na mtu mzima ambaye ndugu yake wa baba na mama mmoja alikuwa na selimundu, yeye mwenyewe ana uwezekano wa mbili kati ya tatu wa kuwa mbebaji. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, lakini familia nyingi hujua siku mtoto anapovimba vidole au kulia usiku kucha.

Walikwenda kupima kabla ya Krismasi. Ni kipimo cha damu tu, kinachoonyesha aina ya himoglobini. Majibu yalionyesha kwamba baba ni mbebaji na mama si mbebaji. Maana yake, watoto wao wanaweza kurithi ubebaji, si ugonjwa wenyewe. Daktari aliwashauri watoto nao wapimwe watakapokua vya kutosha kuelewa, ili wajue kabla ya kuchagua wenza.

Gharama za vipimo zilitoka kwenye zile Sh150,000. Sehemu nyingine ilinunua viatu na sare ya kidato cha kwanza. Sh35,000 zilikwenda kwa fundi mwenzake wa Kariakoo aliyebadilisha lenzi ya PlayStation 2 kuukuu iliyokuwa stoo kwa shangazi. Kadi ilisomeka. CJ alitokea akiwa mnene, kwa sababu katika gemu hiyo mtu akila bila mazoezi ananenepa, na mdogo mtu alikuwa akimlisha piza kila mara. Chaza walikuwa 34.

Kijana wa miaka 13 aliruhusiwa kuangalia CJ akiogelea, baba yake ameshika pedi na mama yake amekaa pembeni. Misheni za bunduki hazikufunguliwa. Aliuliza kwa nini baba mdogo alipenda maji kiasi kile, akaambiwa yote, pamoja na jina la ugonjwa. Chaza 16 waliobaki, baba amewaacha chini ya bahari.

Je, gemu za namna hii hazifai kununuliwa tena? Zinafaa kwa baadhi ya watu. Kijana aliyevuka miaka 18 ambaye hakuwahi kuicheza atapata gemu tatu kwa bei ya moja, katika hali nzuri kuliko ilivyokuwa siku ilipotoka. Mtu ambaye mashine yake ya zamani imekufa na anataka tu kuburudika jioni hatakuwa amepoteza. Anayenunua asome kwanza maoni ya waliocheza baada ya maboresho, si ya siku ya uzinduzi. Aangalie kama diski inakubali kwenye mashine yake na kama italazimu kupakua makumi ya gigabaiti kwa kifurushi cha simu. Aangalie pia alama ya umri, kisha ahesabu milango ya nyumba yake.

Lakini kabla ya yote ajiulize lile swali la yule mwalimu wa Magomeni: unataka nini hasa humo ndani? Kama jibu ni mtu, dukani hayupo. Pengine yupo kwenye kopo la nyaya kabatini, na pengine kuna jambo kumhusu ambalo watoto wako wanatakiwa kulijua mapema.